Stevia: Jani Tamu na Mipaka Yake

Jani la stevia ni dogo, lina meno pembeni, na kwa macho halina cha kumvutia mtu. Likiwa bustanini katikati ya mchicha na mnanaa, mpita njia anaweza kuling'oa akidhani ni magugu. Akilitafuna ndipo hushangaa. Utamu hujaa mdomoni na kukawia ulimini muda mrefu baada ya jani kumezwa. Nyuma yake huja uchungu kidogo, ambao wengine hawausikii kabisa na wengine huwakera.

Utamu huo hautokani na sukari. Unatokana na kundi la kemikali ziitwazo glikosidi za stevioli, ambazo mmea huu huzitengeneza ndani ya majani yake. Zikikamuliwa na kusafishwa, hupatikana unga mweupe wenye utamu mara 200 hadi 300 ya ule wa sukari ya mezani, tena usioupa mwili nishati ya kuhesabika. Unga wa kukaa kwenye ncha ya kisu unatosha birika zima la chai.

Ndiyo maana stevia inazungumzwa sana siku hizi katika nyumba zenye mgonjwa wa kisukari na katika maduka ya vyakula vya afya mijini. Mengi yanayosemwa ni kweli. Mengine yametiwa chumvi: kwamba inatibu kisukari, kwamba inamaliza presha, kwamba anayeitumia atapungua mwili hata asipobadilisha kitu kingine chochote. Anayetaka kuitumia anahitaji kutenganisha hayo mawili, kwa kuwa stevia ina kazi moja inayoiweza vizuri sana, nayo ni kuiondoa sukari kwenye kikombe. Kazi nyingine nyingi inazobebeshwa haziwezi.

Hesabu ya kijiko

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa kwenye vyakula, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai visivyojazwa kupita kiasi.

Sasa mchukue mtu anayekunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu. Amefika vijiko tisa, na bado hajagusa uji, andazi wala soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari zaidi ya gramu 35, hivyo anayeshushia nayo chakula cha mchana amepitiliza kiwango cha siku nzima kwa kinywaji kimoja.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wazima milioni 537 duniani walikuwa wakiishi na kisukari. Katika kanda ya Afrika walikuwa milioni 24, na zaidi ya nusu yao hawakujua kwamba wanao. Kisukari cha aina ya pili kina visababishi vingi, kuanzia urithi na unene hadi kukaa bila kuushughulisha mwili, na sukari ya kikombeni si chanzo pekee. Lakini ni sehemu ambayo mtu anaweza kuishika kwa mkono wake mwenyewe kila asubuhi. Hapo ndipo stevia inapopata nafasi.

Kutoka Amambay

Kwao stevia ni nyanda za juu za Amambay, kaskazini-mashariki mwa Paraguay, mpakani na Brazili. Wenyeji wa huko, Waguarani, wameujua mmea huu tangu enzi za mababu. Huuita ka'a he'ẽ, na wakiutumia kutia utamu kwenye mate, kinywaji cha majani kinachopendwa sana Paraguay, na kwenye dawa zao za mitishamba.

Sayansi iliupokea kutoka kwao. Moisés Santiago Bertoni, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Uswisi na kuhamia Amerika ya Kusini mwaka 1884, alisikia habari za jani hilo mwaka 1887 kutoka kwa wenyeji. Hakuupata mmea kwa urahisi. Mwaka 1899 aliuelezea kisayansi kwa mara ya kwanza, na mwaka 1905 akaupa jina linalotumika hadi leo, Stevia rebaudiana. Sehemu ya pili ya jina hilo inamuenzi Ovidio Rebaudi, mkemia wa Paraguay aliyekuwa wa kwanza kuuchunguza utamu wake kikemia. Mwaka 1931 wakemia wawili wa Ufaransa, Bridel na Lavielle, walifanikiwa kutenga mojawapo ya kemikali zenye utamu huo, steviosaidi, ikiwa fuwele nyeupe safi.

Nchi ya kwanza kuitumia stevia viwandani kwa wingi ilikuwa Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wajapani walikuwa na wasiwasi na viongeza utamu vya maabara, na mwaka 1969 walipiga marufuku mojawapo, siklameti. Mwaka 1971 kampuni ya Morita Kagaku Kogyo ikatoa sokoni bidhaa ya stevia, na kwa muda mfupi ikaingia kwenye vinywaji, achari na mchuzi wa soya.

Marekani ilichukua njia ndefu zaidi. Majaribio ya maabara na ya panya yalikuwa yamezua hofu juu ya uzazi na juu ya vinasaba, na mwaka 1991 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikazuia stevia kuingizwa kama kiungo cha chakula. Mwaka 1995 iliruhusiwa kuuzwa kama kirutubishi tu. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha hofu hizo kwa binadamu, na mwaka 2008 mambo mawili yakatokea. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na WHO iliweka kiwango salama cha kila siku, na Desemba mwaka huohuo Marekani ikaacha kupinga matumizi ya rebaudiosaidi A, mojawapo ya glikosidi za stevioli, iliyosafishwa katika vyakula na vinywaji. Umoja wa Ulaya ulifuata mwishoni mwa 2011, ukiipa namba E 960, ambayo msomaji anaweza kuikuta kwenye pakiti za biskuti na chupa za vinywaji kutoka huko.

Waguarani waliotoa ujuzi huo hawakupata sehemu yao. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka jamii zinazomiliki ujuzi wa asili zishirikishwe katika faida inayotokana nao. Mwaka 2015 mashirika ya kiraia ya Ulaya na Paraguay yalichapisha ripoti iliyoonyesha jinsi kampuni zinavyotumia picha ya Waguarani kuuza bidhaa zao, ilhali jamii hizo zimepoteza sehemu kubwa ya ardhi ambako mmea huo ulikuwa ukiota wenyewe. Madai ya Waguarani bado yana uzito, na anayefurahia jani hili anapaswa kujua limetoka mikononi mwa nani.

Safari yake mwilini

Glikosidi za stevioli zina umbo la kiini kimoja, stevioli, kilichozungukwa na chembe za glukosi. Steviosaidi ina tatu, rebaudiosaidi A ina nne. Mtu akisikia kwamba mna glukosi humo anaweza kuingiwa na hofu, lakini njia inayopitiwa na kemikali hizi ni tofauti na ya sukari.

Sukari ya mezani huvunjwa kwenye utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu ndani ya dakika chache. Glikosidi za stevioli hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kuvunjwa. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaoishi huko huzikata zile chembe za glukosi na kuzitumia wao wenyewe. Stevioli inayobaki hunyonywa, hupelekwa kwenye ini, hufungwa pamoja na kemikali nyingine, kisha figo huitoa kwa mkojo. Kiwango cha sukari kwenye damu hakipandi kwa sababu yake. Bakteria wa mdomoni nao hawawezi kuigeuza kuwa tindikali, kwa hiyo haiozeshi meno.

Kiwango salama kilichowekwa na kamati ya FAO na WHO ni miligramu 4 za stevioli kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu mwenye kilo 60, hiyo ni sawa na takribani miligramu 700 za rebaudiosaidi A, kiasi chenye utamu wa vijiko vya chai zaidi ya 30 vya sukari. Mtu mzima anayetia kwenye chai na uji wake ni vigumu kufika huko. Mtoto mdogo ana uzito mdogo na kiwango chake ni kidogo vilevile, hivyo si busara kumzoesha vinywaji vitamu vya kila aina kwa kisingizio kwamba havina sukari.

Ushahidi wa faida upo, na una mipaka yake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, watu 31 walipewa vitafunio vya kabla ya mlo, siku nyingine vikiwa na stevia na siku nyingine vikiwa na sukari. Siku za stevia, sukari na insulini katika damu yao vilikuwa chini baada ya kula, na hawakufidia kwa kula zaidi kwenye mlo uliofuata. Huko Denmark, mwaka 2004, wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya pili waliopewa gramu moja ya steviosaidi pamoja na chakula walionekana sukari yao ikipanda kwa kiasi pungufu kuliko walipopewa wanga wa mahindi. Lakini utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2008, uliowafuatilia wagonjwa 122 wa kisukari cha aina ya pili kwa wiki 16, haukuona tofauti katika kipimo cha wastani wa sukari cha miezi mitatu kati ya waliokula rebaudiosaidi A na waliopewa kidonge kitupu.

Tafsiri yake ni nyepesi. Stevia ikichukua nafasi ya sukari, faida inatokana na sukari iliyoondoka. Ikiongezwa tu juu ya mlo uleule, haitibu kitu.

Mei 2023 WHO ilitoa mwongozo uliowashangaza wengi. Ilishauri kwamba viongeza utamu visivyo sukari, stevia ikiwamo, visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito au kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza. Sababu ni kwamba kwa muda mrefu havikuonekana kupunguza mafuta ya mwili, na tafiti za kuwafuatilia watu kwa miaka ziliwakuta watumiaji wake na hatari kubwa kidogo ya kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. WHO yenyewe iliuita ushauri huo wa masharti, kwa kuwa huenda watu walioanza kuvitumia walikuwa tayari na unene au dalili za ugonjwa. Isitoshe, mwongozo huo ulizungumzia viongeza utamu vyote kwa pamoja, na haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kiini chake kinabaki wazi: ulimi ukizoea utamu uleule kila saa, hamu ya vitu vitamu haiondoki.

Kilichomo ndani ya pakiti

Mnunuzi anayeingia dukani hukutana na pakiti zilizochorwa majani ya kijani, na hudhani ndani mna stevia tupu. Mara nyingi sivyo. Stevia safi ni kali mno kupimika kwa kijiko, kwani kijiko kimoja cha chai cha unga wake hukaribia utamu wa nusu kilo ya sukari. Kwa hiyo viwanda huichanganya na kijazio ili mtumiaji aweze kuimimina kama alivyozoea kumimina sukari.

Kijazio ndicho cha kuchunguza. Dekstrosi ni glukosi yenyewe kwa jina jingine. Maltodekstrini ni wanga uliovunjwavunjwa, nao hupandisha sukari ya damu haraka. Kwenye kipakiti cha gramu moja madhara ni madogo, lakini anayetumia vipakiti kumi kwa siku, au anayenunua mfuko mkubwa wa kupikia, anajirudishia kile alichokikimbia. Erithritoli haipandishi sukari, ila mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani walichapisha utafiti katika jarida la Nature Medicine uliohusisha kiwango chake kikubwa kwenye damu na kuganda kwa damu na mishtuko ya moyo. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba erithritoli ndiyo inayosababisha, lakini mwenye ugonjwa wa moyo ana haki ya kuwa mwangalifu.

Orodha ya viungo nyuma ya pakiti hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ikianza na dekstrosi na kuishia na glikosidi za stevioli, mnunuzi amelipia dekstrosi. Bidhaa ya matone huwa na maji na dondoo la stevia, na kwa wengi ndiyo rahisi zaidi kutumia kwenye chai.

Jikoni

Chai ndiyo mahali pa kuanzia. Stevia haiharibiki kwa moto wa kuchemshia, wala haipotezi utamu kwenye vitu vichachu, hivyo inakubali chai ya tangawizi, juisi ya ukwaju, maji ya ndimu na juisi ya ubuyu. Ule uchungu wake wa mwisho hufichwa vizuri na viungo tulivyonavyo tayari: tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu. Kwenye chai ya rangi iliyo tupu uchungu hujitokeza zaidi. Kosa la kawaida ni kuzidisha. Anayeona utamu haujatosha huongeza, na kila anapoongeza uchungu nao hupanda. Tone moja kwanza, kukoroga, kuonja, kisha la pili.

Kwenye uji wa ulezi inafaa vilevile, hasa uji ukiwa na maziwa au ndizi mbivu iliyopondwa, ingawa mgonjwa wa kisukari akumbuke kwamba ulezi na ndizi vyenyewe ni wanga. Hapa ndipo wengi hujidanganya: mtu hunywa chai ya stevia huku mkononi ana chapati tatu, akashangaa kipimo cha asubuhi hakishuki.

Kwenye unga na mafuta mambo hubadilika. Sukari katika maandazi, mbali na kutia utamu, huyapa rangi ya kahawia na kuyafanya yabaki laini hadi kesho yake. Hamira hupata chakula kutoka kwenye unga, kwa hiyo donge litaumuka hata bila sukari, ila maandazi ya stevia hutoka meupe zaidi na hukauka mapema. Kupunguza sukari hadi nusu na kuijazia stevia huleta matokeo mazuri kuliko kuiondoa yote. Shira ya kalimati na visheti haiwezekani, kwa sababu shira ni sukari yenyewe iliyochemshwa hadi ikavuta. Kashata nayo haitashikana, na jemu itaoza, kwa kuwa wingi wa sukari ndio unaoihifadhi.

Bustanini

Stevia ni ndugu wa alizeti na saladi, na hukua hadi kimo cha goti au zaidi kidogo. Mbegu zake ni nyepesi na nyingi hazioti, hivyo wakulima huotesha vipandikizi vya shina. Inataka udongo wenye unyevu usiotuamisha maji na jua la kutosha. Ina tabia moja ambayo mkulima wa Afrika Mashariki lazima aijue: hutoa maua siku zinapokuwa fupi, na karibu na ikweta, ambako mchana hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, hukimbilia kuchanua ikiwa bado ndogo. Ikishachanua, utamu wa majani hupungua. Dawa ni kukata matawi mara vichipukizi vya maua vinapoonekana, kisha kuacha shina lichipue tena.

Majani hukaushwa haraka, yasije yakaota ukungu, halafu husagwa au hutiwa mazima kwenye birika pamoja na majani ya chai. Hayawi na nguvu ya unga wa kiwandani, na uchungu wake ni mkubwa zaidi. Ikumbukwe pia kwamba vibali vya Marekani na Ulaya vilivyotajwa hapo juu vinahusu dondoo lililosafishwa hadi angalau asilimia 95, kwa hiyo majani ya nyumbani yatumiwe kwa kiasi.

Zao hili si geni katika kanda yetu. Kericho, nchini Kenya, kaunti inayojulikana kwa chai, wakulima wadogo wamelima stevia kwa mkataba na PureCircle, kampuni iliyokulia Malaysia na ambayo mwaka 2020 ilichukuliwa na Ingredion ya Marekani. Majani hukaushwa na kusafirishwa nje, ambako ndiko kwenye mitambo ya kukamua. Mkulima mwingine anayefikiria kulipanda ajiulize kwanza nani atanunua, kwa sababu soko la majani makavu lina wanunuzi wachache.

Kwa mgonjwa anayetumia dawa

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kuhama kutoka sukari kwenda stevia. Dozi yake huenda ilipangwa akiwa anakunywa chai ya vijiko vinne. Akiviondoa vyote siku moja na dozi ikabaki ileile, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi.

Dalili za kushuka huko ni jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Katika hali hiyo stevia haina msaada wowote, kwani mwili unahitaji glukosi sasa hivi. Mgonjwa aliye na fahamu anapaswa kupewa kama gramu 15 za sukari halisi, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai vilivyoyeyushwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, apimwe baada ya dakika 15, na apewe tena ikiwa sukari bado iko chini. Akipoteza fahamu asipewe kitu mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo, katika nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, kopo la sukari libaki, liandikwe jina, na liwekwe mbali na lile la stevia mahali ambapo hata watoto wanapajua.